Mimba ya mahali pawili: tuipe jina kabla haijaua

Kuna swali moja ambalo huulizwa kila siku katika vyumba vya skani, kuanzia Taveta hadi Maungu: "Mimba iko ndani ama iko nje?" Muulizaji huwa na nia njema. Ataka kujua iwapo mimba imetunga katika kizazi, mahali pake pa haki, au imetunga katika mrija wa uzazi, mahali ambapo haiwezi kukua bila kuupasua mrija wenyewe. Jawabu likiwa "iko ndani", kila mtu hushusha pumzi. Muuguzi huandika kadi, mume humpigia mamake simu, na mama mtarajiwa hurudi nyumbani moyo ukiwa mweupe.

Mimi si daktari wa tiba. Udaktari wangu ni wa isimu, na kazi yangu ni kuyachunguza maneno. Lakini ni kazi hiyo hiyo inayonifanya nilitilie shaka swali hili. Neno "ama" humlazimisha msikilizaji achague kimoja na kukiacha kingine. Humo ndimo ulimo mtego, kwa kuwa yako mazingira ambamo jawabu la kweli ni "ndani na nje" kwa wakati mmoja. Mwanamke wa namna hiyo huwa na mimba mbili: moja kizazini, nyingine mrijani. Ya kwanza humfurahisha, ya pili inaweza kumuua, na ile ya kwanza ndiyo inayoificha ya pili.

Madaktari wana jina la hali hii katika lugha za Ulaya, lililoundwa kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya "mahali pengine". Kliniki zetu hulitamka jina hilo, likitamkwa, baina ya wataalamu wenyewe, na mgonjwa hubaki akiangalia midomo yao. Mimi napendekeza tuseme "mimba ya mahali pawili". Kiswahili kimejaliwa ngeli nzima ya mahali, nayo hutuwezesha kusema pamoja, pawili, papo na hapo pasipo taabu. Msemo huo hauhitaji maelezo. Bibi wa Sagalla atauelewa, mwanafunzi wa kidato cha pili atauelewa, na mume aliyetoka shambani Taveta atauelewa. Mwenye msemo bora na aulete. Lisilofaa ni kuendelea bila jina, kwa sababu jambo lisilo na jina ni vigumu kuulizwa, na lisiloulizwa halitafutwi.

Yawezekana msomaji akasema kwamba hili ni tatizo adimu, na kwamba wapo watu wanaokufa kwa malaria. Ni kweli kwamba kwa wanawake wanaoshika mimba bila dawa yoyote, hali hii ni adimu mno. Vitabu vya tiba vimekuwa vikinukuu kwa miongo mingi hesabu iliyofanywa mwaka 1948, kwamba hutokea mara 1 katika mimba 30,000. Yafaa ifahamike kwamba hesabu hiyo ilipatikana kwa kuzidisha tu: uwezekano wa kupata pacha ulizidishwa na uwezekano wa mimba kutunga nje ya kizazi. Maradhi yenyewe yamejulikana kwa muda mrefu zaidi. Mfaransa Duverney aliieleza hali hii mwaka 1708 baada ya kuupasua mwili wa mwanamke aliyekwisha kufariki.

Lakini hesabu ya 1948 haikumjua mwanamke wa leo anayetibiwa ugumba. Kwake yeye, makadirio ya wataalamu ni baina ya mimba 1 katika 1,000 na mimba 1 katika 100. Tofauti hiyo si ndogo. Kama wanawake 100 waliopandikiziwa mimba wangeketi katika ukumbi mmoja wa shule, huenda mmoja wao angekuwa na mimba ya pili mrijani. Daktari aliyefundishwa kwamba jambo hili hutokea mara 1 katika 30,000 hana sababu ya kulitafuta. Anayejua kwamba laweza kutokea mara 1 katika 100 hana udhuru wa kutolitafuta.

Kwa nini matibabu huleta hatari hii? Sababu ni kadha. Kwanza, katika upandikizaji, yai la mwanamke hurutubishwa katika maabara, kisha kiinitete hurudishwa kizazini. Vikirudishwa viwili au vitatu ili kuongeza bahati, kimoja chaweza kutambaa hadi mrijani na kutunga huko. Pili, wanawake wengi huhitaji upandikizaji kwa sababu mirija yao iliharibiwa na maambukizi ya zamani kama vile kisonono na klamidia, na mrija wenye makovu ndio hasa unaonasa mimba. Tatu, si lazima mtu afike maabara. Dawa za kuyakomaza mayai, mathalan klomifeni na letrozoli, huweza kuachilia mayai mawili au zaidi katika mwezi mmoja, na kila moja likajichagulia njia yake.

Historia yenyewe ya upandikizaji ilianza na onyo hili. Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kuzaliwa kwa njia hiyo, alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978. Wengi hawajui kwamba miaka miwili kabla yake, mwaka 1976, Robert Edwards na Patrick Steptoe walikwisha kutangaza mimba iliyotokana na kazi yao, na mimba hiyo ilikuwa imetunga mrijani. Ilibidi iondolewe. Basi mrija ulikuwamo katika kisa hiki tangu mwanzo. Nchini Kenya watoto wa kwanza wa upandikizaji walizaliwa Nairobi mwaka 2006, na tangu hapo kliniki zimeongezeka katika miji mikubwa.

Hapa ndipo Taita Taveta inapoingia. Mwanamke wa Mwatate au Wundanyi anayetaka kupandikiziwa mimba husafiri. Kutoka Voi hadi Nairobi ni takriban kilomita 330, na hadi Mombasa ni kama kilomita 150. Tangu reli mpya ianze mwaka 2017, safari imekuwa nyepesi: mtu aweza kupanda gari la moshi Voi, akatibiwa, akarudi. Matibabu hufanyika jijini, lakini mimba hulelewa huku. Huwekewa kiinitete mbali, kisha akapatwa na maumivu ya usiku Rong'e, Kasigau au Mgange. Daktari aliyempandikizia yuko safari ya saa nyingi, na anayempokea usiku ni afisa wa kliniki ambaye hajapata kumwona.

Kaunti yetu ina watu 340,671 kwa mujibu wa sensa ya 2019, nao wametawanyika milimani Dawida, Sagalla na Kasigau na katika nyanda za chini, ilhali zaidi ya nusu ya ardhi ni mbuga za Tsavo. Hospitali ya rufaa iko Voi. Kuna nyingine Wesu, Mwatate na Taveta. Kutoka Taveta hadi Voi ni zaidi ya kilomita 100. Mrija ukipasuka, damu humwagika ndani ya tumbo, haionekani, na kila saa moja huwa na thamani yake. Umbali huo hatuwezi kuufupisha kwa makala ya gazeti. Tunachoweza kukifupisha ni muda unaopotea katika mazungumzo.

Na muda hupotea kweli. Mwalimu mmoja ninayemfahamu, ambaye sitamtaja yeye wala hospitali alikokwenda, alikuwa amepandikiziwa mimba baada ya miaka kumi ya kungoja. Katika wiki ya saba alishikwa na maumivu makali upande mmoja wa tumbo. Alirudi kliniki, akaonyesha picha yake ya skani, naye akajibiwa kwamba mtoto yuko salama kizazini, anywe maji na apumzike. Usiku wa pili alianza kuumwa na bega, kisha akazirai. Alipopasuliwa, tumbo lilikutwa limejaa damu na mrija mmoja umepasuka. Mungu alimjalia akapona, na mimba ya kizazini ikaendelea hadi akajifungua. Nilipomuuliza alichowaambia waliompokea mara ya kwanza, alinijibu: "Niliwaambia naumwa. Sikuwaambia nilivyoipata mimba. Hakuna aliyeniuliza."

Jawabu hilo lina mafunzo mawili. La kwanza ni la kitabibu. Katika hali hii karibu kila kipimo cha kawaida hudanganya. Homoni ya mimba katika damu hupanda vizuri, kwa sababu mimba ya kizazini inaizalisha. Skani huonyesha mfuko wa mimba mahali pake, na mpimaji akishauona huacha kutafuta. Maumivu hudhaniwa kuwa ya mayai yaliyovimba kutokana na dawa, jambo ambalo pia hutokea kwa waliotibiwa. Hata damu ya ukeni huenda isionekane. Kwa hiyo silaha iliyo karibu zaidi ni kumbukumbu: kujua kwamba mwanamke huyu alitibiwa, na kwa sababu hiyo kuikagua mirija yake hata baada ya kuiona mimba kizazini.

Funzo la pili ni la lugha, na hapo ndipo nina haki ya kusema. Kwa nini mwalimu yule hakusema? Ni kwa sababu ya maneno tuliyomtwika. Tazama msamiati wetu: mgumba, tasa. Yote mawili humtaja mtu kwa kile alichokikosa, na katika vinywa vya watu humwangukia mwanamke, ijapokuwa imejulikana kwa miaka mingi kwamba mwanamume huchangia karibu nusu ya visa vya ugumba. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 hukumbwa na ugumba wakati fulani maishani. Basi katika darasa la wanafunzi 48, huenda 8 wakakutana na jambo hili watakapokuwa watu wazima. Hata hivyo tunalisema kwa kunong'ona, kana kwamba ni wizi.

Na mtoto aliyepatikana kwa maabara tunamwitaje? "Mtoto wa chupa." Mama anayeijua lugha ya jirani zake huchagua kunyamaza. Husema tu kwamba Mungu amemkumbuka, jambo ambalo ni kweli, na huificha ile nusu nyingine ya ukweli ambayo daktari wa zamu anaihitaji. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa mwanamke huyu methali hiyo si mfano tena, maana anachokificha ndicho kitakachomwokoa. Lakini sitamlaumu yeye peke yake. Mtu huficha uchi wake mbele ya watu wanaocheka.

Kuna neno jingine linalonikosesha usingizi, nalo ni kitenzi "kutoa". Kwa Kiswahili cha kila siku, "kutoa mimba" ni kuiharibu mimba kwa makusudi, na neno hilo limebeba uzito wa dhambi, wa sheria na wa aibu. Sasa fikiria daktari amesimama mbele ya mume na mama mkwe saa nane za usiku, akasema: "Mama ana mimba mbili, itabidi tutoe moja." Familia inayosali kila Jumapili, au inayoswali mara tano kwa siku, itasikia nini? Itasikia kwamba hospitali yataka kuua mtoto mmoja ili mwingine abaki. Watajadiliana, watampigia simu mchungaji au shehe, na wakati wote huo damu inamwagika.

Ukweli ni mwingine kabisa, na unasemeka. Mimba iliyotunga mrijani haina njia ya kukua ikawa mtoto. Mrija ni mwembamba, haukuumbwa kubeba, na mimba hiyo haiwezi kuhamishiwa kizazini. Daktari hachagui baina ya watoto wawili. Anauondoa mrija uliopasuka, au unaokaribia kupasuka, ili kumwokoa mama na kuilinda mimba iliyo kizazini. Hapo kitenzi kinachofaa ni "kuondoa", na nomino inayofaa ni "mrija": "Tutauondoa mrija ulioharibika." Sentensi hiyo haifichi kitu, kwani mimba iliyomo mrijani hutajwa pia, ila humweleza msikilizaji jambo lilivyo. Kisheria nako hapana utata. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 26, huruhusu hatua hiyo pale mtaalamu wa afya anapoona kwamba pana haja ya matibabu ya dharura au kwamba uhai wa mama umo hatarini, na kifungu cha 43 chakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.

Isitoshe, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yaagiza kwamba mgonjwa aelezwe hali yake, inapowezekana, kwa lugha anayoifahamu na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Nasisitiza maneno hayo kwa sababu wengi hudhani kwamba lugha ya hospitali ni suala la adabu tu. Ni suala la sheria. Katika kaunti yetu lugha hiyo yaweza kuwa Kiswahili. Yaweza pia kuwa Kidawida, Kisaghala au Kitaveta. Mgonjwa aliyetia sahihi karatasi ya upasuaji asiyoielewa ametia wino tu.

Sasa tuseme hali imetambuliwa. Hufanywa nini? Mwanafunzi wa biolojia atapenda kujua, na mwalimu wake ajue pia. Mwanamke aliyepoteza damu nyingi huongezewa damu na kupelekwa upasuaji bila kuchelewa. Tumbo hufunguliwa, mrija hukatwa na kuondolewa, na kizazi huguswa kidogo iwezekanavyo. Aliye imara, katika hospitali yenye vifaa, aweza kufanyiwa upasuaji wa matundu madogo kwa kamera. Katika baadhi ya visa ambavyo mrija haujapasuka, wataalamu huweza kuidunga mimba ya mrijani dawa, kama vile kloridi ya potasiamu, wakiongozwa na ultrasaundi. Kinachopaswa kuepukwa ni methotreksati, dawa itumiwayo mara nyingi kwa mimba ya mrija iliyo peke yake. Dawa hiyo husambaa mwilini, na hapa ingeidhuru ile mimba ya kizazini tunayotaka kuiokoa. Kadhalika kizazi hakisafishwi. Ndiyo sababu kutamka jina sahihi mapema ni jambo la maana: anayedhani ana mimba moja tu mrijani aweza kupewa tiba itakayoangamiza nyingine.

Matokeo si ya kukatisha tamaa. Hali ikitambuliwa na kutibiwa, takriban thuluthi mbili ya mimba za kizazini huendelea hadi mtoto akazaliwa hai. Lakini hata hapo lugha yaweza kuharibu kazi ya mikono ya mpasuaji. Baada ya upasuaji habari hutoka wodini kwa maneno mawili: "Mimba imetolewa." Jamaa huanza kumpa pole. Mama aliyetoka kwenye usingizi wa dawa husikia pole hizo, akaamini kwamba yote yamekwisha, akaacha vidonge vya projesteroni alivyopewa kuisaidia mimba, na asirudi kliniki. Kumbe mtoto yupo. Sarufi yetu ina umbo linalofaa kabisa kwa wakati huo, nalo ni lile la -ngali-: "Mrija umeondolewa. Mimba ya kizazini ingalipo." Neno hilo moja, ingalipo, lastahili kuandikwa kwenye kadi yake kwa herufi kubwa.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Baadhi ya madaktari watasema kwamba istilahi za Kiingereza zatosha, kwa kuwa wao huelewana kwazo. Nakubali kwamba wao huelewana. Lakini dalili ya kwanza ya maradhi haya haisikiki kwa daktari. Husikika kwa mume, kwa dada, kwa mwalimu mwenzake katika chumba cha walimu, kwa mwendeshaji wa bodaboda na kwa mhudumu wa afya ya jamii. Mnyororo huo wote huzungumza Kiswahili au lugha za mama, na ukikatika mwanzoni, istilahi za daktari hazitapata mtu wa kutibiwa.

Wengine watasema kwamba tutawatia hofu wajawazito. Hofu isiyo na maelezo ni mbaya, ndiyo. Lakini sisemi kila mjamzito ahangaike. Aliyeshika mimba bila dawa na hana maumivu hana haja ya kukosa usingizi kwa sababu ya makala haya. Nasema juu ya kundi linalojulikana: wanawake waliopandikiziwa mimba au waliotumia dawa za kukomaza mayai. Hao waambiwe mapema, tena waambiwe kwa utulivu, kwamba maumivu ya upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu, kuzirai au maumivu ya bega si mambo ya kungojea asubuhi, hata kama skani ilionyesha mimba kizazini. Visa vingi hutambuliwa baina ya wiki ya 5 na ya 8, lakini vingine huchelewa hadi wiki ya 11 na zaidi. Na hata aliyewahi kuondolewa mirija yote miwili asijihesabu kuwa salama kabisa, maana mimba yaweza kutunga katika kipande kilichobaki.

Basi tufanye nini? Kwanza, kliniki za upandikizaji zimpe kila mwanamke barua fupi ya Kiswahili, yenye tarehe ya matibabu, idadi ya viinitete vilivyorudishwa na ombi kwamba mirija ikaguliwe kwa skani katika wiki ya 6 au ya 7. Barua hiyo aibebe mkobani hata akienda shambani. Tena kliniki hizo zirudishe kiinitete kimoja kila inapowezekana, kwa kuwa wingi wao ndio unaozidisha hatari. Mswada wa kusimamia matibabu haya ulifikishwa katika Bunge la Taifa na Mheshimiwa Millie Odhiambo mara zaidi ya moja tangu 2014. Wanaoshughulikia sheria na kanuni za jambo hili wasiisahau lugha ya mgonjwa.

Pili, katika hospitali zetu, swali la "ndani ama nje" lifuatwe na jingine: "Mimba hii mliipata kwa matibabu?" Liulizwe faraghani, bila mama mkwe, na kwa sauti ile ile tunayoulizia umri. Na vyumba vya skani viandike mstari mmoja zaidi katika ripoti: mirija imeonekanaje.

Tatu, walimu wenzangu, somo la uzazi darasani tulifundishe kwa ukamilifu. Tunamfundisha mwanafunzi kuchora mirija na kuitaja majina, kisha tunaishia hapo. Tumwambie kwamba maambukizi yasiyotibiwa huacha makovu katika mirija hiyo, na kwamba makovu hayo hudai gharama yake miaka kumi au ishirini baadaye. Na walimu wa Kiswahili wawape wanafunzi zoezi la kuunda istilahi: wajadili kama "mimba ya mahali pawili" inafaa, waipinge wakitaka, walete bora zaidi. Istilahi hazikui katika kamusi peke yake. Hukua katika vinywa vya watu wanaozihitaji.

Nanyi wanafunzi, mnao mchango usiohitaji shahada. Damu inayookoa maisha ya mama aliyepasuka mrija haitengenezwi kiwandani. Benki za damu za nchi hii zimewategemea sana wanafunzi wa shule za sekondari na vyuo, na shule zinapofungwa upungufu huonekana. Aliyefikisha umri unaoruhusiwa na aliye na afya njema, akijitolea damu Voi mwezi huu, huenda anaituma kwa mwanamke wa Taveta ambaye hatamjua kamwe.

Lililobaki ni letu sote. Tuliondoe dhihaka katika neno "mgumba" na tuliache lile la "mtoto wa chupa", ili mwanamke anayefika hospitalini usiku aweze kusema sentensi moja bila kuinamisha kichwa: "Mimba hii niliipata kwa matibabu, na naumwa upande mmoja." Anayempokea akiielewa sentensi hiyo, atajua kwamba kazi yake haijaisha kwa kuiona mimba moja tu.